Bawa Linapobeba: Maonyesho ya Ndege, Uboreshaji wa Ndege Ndogo na Uwanda wa Garsen

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa sarufi amekutana na neno "ndege" katika somo la ngeli. Ndege wa msituni huingia katika ngeli ya A-WA, nasi husema ndege ametua, ndege wametua. Ndege ya abiria huingia katika ngeli ya I-ZI, nasi husema ndege imetua, ndege zimetua. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotutambulisha kama tunazungumzia kiumbe au chombo. Kamusi huongeza maana ya tatu, ile ya ndege kuwa ishara ya heri au ya shari. Mfano huu umetumika sana madarasani hata umechakaa, na aghalabu mwalimu huishia hapo. Ni nadra kumsikia mwanafunzi wa Kiswahili akieleza, kwa Kiswahili, namna hicho chombo cha ngeli ya I-ZI kinavyoweza kukaa hewani.

Makala haya yanajaribu kufanya hivyo kwa kutazama shughuli mbili za wapenzi wa ndege: kuhudhuria maonyesho ya ndege na kuboresha ndege ndogo za watu binafsi. Mahali nilipopachagua kuwa kipimo cha maelezo haya ni bonde la chini la Mto Tana, na hasa uwanda wa Garsen, pale barabara itokayo Malindi inapogawanyika, moja ikielekea Hola na Garissa na nyingine Witu na Lamu. Msomaji ana haki ya kushangaa. Garsen haina maonyesho ya ndege, na wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma wanaoishi huko hawamiliki ndege za kifahari. Hata hivyo, dai langu ni kwamba jambo analolishangilia mtazamaji wa maonyesho, na jambo analolilipia mwenye ndege anapoiboresha, ni moja, nalo ndilo linaloamua kama dawa zitafika Garsen mto unapofurika. Jambo hilo ni uwezo wa bawa kuendelea kubeba katika mwendo wa polepole.

Maneno yaliyotoka baharini

Kabla ya kuingia katika ufundi wenyewe, inafaa tuangalie akiba ya maneno tuliyo nayo, maana wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kulieleza suala hili bila kukopa kila kitu. Dai hilo halina mashiko. Rubani, kwa asili yake ya Kiarabu, alikuwa mwongozaji wa jahazi kabla hajawa mwendeshaji wa ndege. Abiria ni mtu aliyeabiri, yaani aliyeingia chomboni kuvuka maji. Usukani ulishikwa na mwanamaji kabla ya kushikwa na dereva. Rafadha, ambayo hapa nitaitumia kwa maana ya mapanga yanayozunguka mbele ya injini ya ndege, iliingia katika kamusi zetu pamoja na meli za moshi. Anga lilipopata vyombo, wasemaji wa Kiswahili walikwenda pwani kuazima, na walifanya busara, kwa sababu tanga na bawa ni ndugu: vyote viwili hufanya kazi kwa kugeuza mwelekeo wa hewa.

Tatizo hutokea pale ambapo neno la karibu linapotosha. Mfano mzuri ni lile tukio ambalo marubani huliogopa kuliko mengi mengine, yaani bawa kupoteza nguvu yake ya kubeba kwa sababu ndege imeinuliwa pua kupita kiasi au imepunguza mwendo mno. Waandishi wa habari wanapolitafsiri tukio hilo huandika kwamba ndege "ilizima" au "ilizimika". Msomaji huelewa kwamba injini ilikufa. Lakini injini inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zake zote ilhali bawa halibebi tena. Katika makala haya nitasema "bawa kuacha kubeba". Huenda wanaistilahi wakaliona fungu hilo la maneno kuwa refu na la kawaida mno. Mimi naliona kuwa na faida moja kubwa: mchukuzi yeyote wa gunia sokoni Garsen analielewa bila kuelezwa.

Bawa hubebaje?

Bawa la ndege likisukumwa mbele huikuta hewa na kuielekeza chini. Hewa iliyosukumwa chini nayo hulisukuma bawa juu, na mkandamizo wa hewa iliyo juu ya bawa huwa mdogo kuliko wa ile iliyo chini. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo nguvu ya kubeba inavyoongezeka, tena kwa kipeo cha pili: mwendo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Rubani anaweza pia kuiongeza nguvu hiyo kwa kuinua pua ya ndege ili bawa likutane na hewa kwa pembe kubwa zaidi. Hapo ndipo penye mtego. Pembe ikifika kiasi cha nyuzi 15 hivi, kutegemea umbo la bawa, hewa iliyokuwa ikiteleza juu ya mgongo wa bawa hubanduka na kuvurugika. Bawa huacha kubeba na pua huanguka. Dawa yake ni kushusha pua ili hewa ishike tena. Dawa hiyo huhitaji kimo, na rubani aliye mita 30 juu ya ardhi hana kimo cha kutumia.

Basi mwendo mdogo kabisa ambao ndege inaweza kuruka nao bila bawa kuacha kubeba ndio unaotawala kila kitu kuhusu kupaa na kutua. Ndege ndogo iitwayo Piper Super Cub, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1949, huweza kwenda polepole hadi takriban kilomita 69 kwa saa ikiwa imeshusha flapu, yaani vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoongeza mbinuko wake. Huo ni mwendo wa matatu isiyo na haraka. Ndege kubwa ya abiria ikijaribu mwendo huo itaanguka kama jiwe.

Kutazama kwa macho yanayojua

Maonyesho ya ndege ni ya zamani karibu sawa na ndege zenyewe. Mkutano mkubwa wa kwanza wa kimataifa ulifanyika Reims, Ufaransa, mwezi Agosti 1909, miaka isiyozidi sita tangu ndugu wawili wa Kimarekani waruke kwa mara ya kwanza. Farnborough, Uingereza, palianza kupokea maonyesho mwaka 1948. Nchini Marekani chama cha watu wanaojiundia ndege kilianzishwa mwaka 1953, na tangu 1970 mkutano wake wa kila mwaka hufanyika Oshkosh, ambako ndege zipatazo 10,000 hukusanyika kwa juma moja.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma sana, ingawa mwanzo wake ulikuwa burudani ya walowezi. Aero Club of East Africa iliundwa mwaka 1927. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na uwanja wa Wilson jijini Nairobi bado unaitwa kwa jina lake. Denys Finch Hatton alikuwa akiruka na ndege yake ya Gipsy Moth, ambayo mabawa yake yangeweza kukunjwa kama ya panzi ili iingie ghalani, hadi ilipoanguka Voi na kumuua tarehe 14 Mei 1931. Beryl Markham, aliyejifunza urubani huku Kenya, alivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi mwezi Septemba 1936. Habari za watu hawa zimeandikwa sana kwa Kiingereza, na kwa namna inayomfanya msomaji asahau kwamba chini ya mabawa yao kulikuwa na watu waliokuwa wakitazama juu. Hao watazamaji hawakuandika.

Siku hizi Mkenya wa kawaida huyaona maonyesho katika sikukuu za taifa, hasa Jamhuri na Madaraka, ndege za kikosi cha wanahewa zinapopita juu ya umati kwa safu. Tarehe 28 Mei 2022 maonyesho makubwa ya wazi yalifanyika katika bustani ya Uhuru, Lang'ata, na umma uliruhusiwa kuzikaribia ndege zilizoegeshwa. Nina neno moja la pembeni hapa. Wimbo wa taifa unaopigwa katika sherehe za namna hiyo umejengwa juu ya sauti ya bembelezi ya Wapokomo. Kwa hiyo hata pale ambapo Tana River haikualikwa, sauti yake hutangulia ndege.

Mtazamaji asiyejua hushangilia kelele. Ndege ya kivita inapopasua anga, masikio huziba na watoto hulia, na watu husema wameona ndege. Lakini mtazamaji anayejua hungoja mambo matulivu zaidi. Hutazama ndege ndogo inapopanda wima hadi mwendo unakwisha kabisa, inasita kana kwamba imetundikwa, kisha inageuzwa kwa usukani wa mkia na kurudi chini kwa njia ile ile iliyopandia. Pale juu, kwa nukta chache, bawa halibebi chochote. Rubani amekwisha ubadilisha mwendo wote kuwa kimo, na sasa anaanza kukibadilisha kimo kuwa mwendo tena. Mchezo wote wa angani, hata ule wa kupiga mviringo kamili, ni biashara hiyo ya kubadilishana kimo na mwendo. Anayeishiwa na vyote viwili kwa wakati mmoja hana cha kuuza.

Mchezo mwingine unaostahili kutazamwa, na ambao kwangu mimi ndio mtamu kuliko yote, ni mashindano ya kupaa na kutua katika umbali mfupi. Kule Valdez, Alaska, mashindano hayo hufanyika kila Mei. Washindi wa huko, wakisaidiwa na upepo wa mbele na ndege zilizopunguzwa uzito hadi zikabaki mifupa, wamewahi kupaa na kusimama katika umbali usiofika mita 6. Ni umbali wa gari moja kubwa na kidogo juu yake. Hakuna kelele nyingi, hakuna moshi wa rangi. Ipo ndege iliyosimama, kisha ipo ndege iliyo hewani, na kati ya hali hizo mbili hakuna nafasi ya kupepesa jicho mara tatu.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi. Tarehe 28 Agosti 1988, katika maonyesho ya Ramstein, Ujerumani, ndege za kikundi kimoja cha maonyesho ziligongana na mojawapo ikaangukia umati. Watu 70 walikufa. Tarehe 22 Agosti 2015 ndege moja ilishindwa kumaliza mviringo huko Shoreham, Uingereza, ikaangukia barabara na kuua watu 11. Wengi wa waliokufa Shoreham hawakuwa ndani ya eneo la watazamaji. Walikuwa wapita njia. Ndiyo maana leo ndege haziruhusiwi kucheza zikielekezwa kwenye umati, na kamba inayotenganisha watu na uwanja ina maana kubwa kuliko inavyoonekana.

Kutoka Wilson hadi tope la Garsen

Sasa tuje kwenye uboreshaji. Kwa nini mtu mwenye ndege nzuri aikate, aibandike vipande na kuibadilisha injini? Jibu rahisi ni kwamba kiwanda huunda ndege kwa ajili ya watu wote, na mwenye ndege huishi mahali pamoja. Katika Kenya mahali pamoja huweza kuwa pawili. Uwanja wa Wilson uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Injini ya pistoni inayovuta hewa kwa pumzi zake yenyewe hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo ndege inayoondoka Wilson huondoka ikiwa imekwisha poteza karibu asilimia 17 ya nguvu zake kabla hata haijainua gurudumu. Wengi hutibu hali hiyo kwa kufunga tabo, kifaa kile kile wanachokijua mafundi wa malori, kinachotumia moshi unaotoka kusukuma hewa zaidi ndani ya injini.

Ndege hiyo ikishuka hadi Garsen hukuta hewa nzito ya karibu na usawa wa bahari, na injini hufurahi. Lakini sasa imekutana na joto na udongo. Udongo wa uwanda wa mafuriko wa Tana ni mfinyanzi mweusi: wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kama tofali, na mvua ikinyesha hunata kama ugali usioiva. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imewapa marubani wa ndege ndogo viwango vya kukadiria jambo hili, navyo ni rahisi hata kwa sisi wa fasihi. Kila ongezeko la nyuzi 10 za joto huzidisha umbali wa kupaa kwa 1.1. Nyasi fupi zilizolowa huuzidisha kwa 1.3. Ardhi laini huuzidisha kwa 1.25 au zaidi. Ndege ikizidi uzito kwa asilimia 10, zidisha kwa 1.2. Na viwango hivi havijumlishwi, huzidishana.

Tuchukue ndege ambayo kitabu chake kinasema inahitaji mita 300 kupaa kwenye lami kavu kando ya bahari katika nyuzi 15 za Selsiasi. Tuipeleke kwenye kiwanja cha nyasi katika bonde la chini la Tana saa nane mchana, nyuzi 35. Kwa joto peke yake mita 300 zinakuwa 363. Kwa nyasi zilizolowa zinakuwa 472. Kwa ardhi laini zinakuwa 590. Hapo bado hatujaweka akiba ya usalama. Mamlaka hiyo hushauri kuzidisha tena kwa 1.33, na jibu ni mita 785 hivi. Kitabu kinasema 300, uwanda unasema 785. Rubani anayeamini kitabu peke yake atajikuta mwisho wa kiwanja, mbele yake kuna mikoma, na bawa halijaanza kubeba.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kila kitu anachokinunua mwenye ndege. Kwa kuwa umbali wa kupaa hufuata kipeo cha pili cha mwendo wa kupaa, akiweza kupunguza mwendo huo kwa asilimia 10 tu, umbali hupungua kwa karibu moja ya tano. Njia mojawapo ni kulivisha bawa ukingo mpya wa mbele ulio mviringo na ulioinama zaidi, ili hewa isibanduke mapema. Njia nyingine, iliyo ya bei nafuu na inayonivutia kwa ujanja wake, ni kubandika juu ya mgongo wa bawa safu ya vipande vidogo vya aluminiamu, kila kimoja kikubwa kama kucha ya kidole gumba. Naviita vikorogahewa. Mtu angedhani vitaharibu ulaini wa bawa, na kweli huuharibu, lakini kwa faida: kila kipande huanzisha kizingia kidogo kinachovuta hewa yenye kasi kutoka juu na kuiteremsha mgongoni mwa bawa, na hewa hiyo yenye kasi hushikilia bawa hata pembe inapokuwa kubwa.

Halafu kuna magurudumu. Wenye Super Cub na ndege za aina ya Husky, ambazo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori limezitumia kulinda mbuga, hupenda kufunga matairi manene yenye kipenyo cha inchi 26 hadi 31 na yenye upepo mdogo. Tairi kama hilo hukanyaga tope kama unyayo wa ngamia, likisambaza uzito. Lakini huko angani ni mzigo: hukokota hewa na kupunguza mwendo wa safari. Mtaka yote hukosa yote, na hakuna mahali ambapo methali hii huhesabiwa kwa lita za mafuta kama katika uboreshaji wa ndege.

Kuhusu mafuta, kuna sababu inayowasukuma wengi kubadilisha injini yenyewe. Injini za pistoni hunywa petroli maalumu ya ndege, ile yenye rangi ya samawati, ambayo katika Afrika ni ghali na haipatikani kila mahali. Injini ya tabini hunywa mafuta jamii ya mafuta ya taa, yale yale ya ndege kubwa, yanayopatikana kwenye viwanja vingi. Cessna Caravan, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1982 na ambayo leo ni punda wa viwanja vya udongo vya Afrika Mashariki, ilikuja na tabini tangu kuzaliwa. Hata hiyo haikuachwa: wapo wanaoiondolea injini yenye nguvu za farasi 675 na kuipa yenye 850, ili ipae mapema zaidi ikiwa na mzigo ule ule.

Isidhaniwe kwamba mtu anaweza kufanya haya nyuma ya nyumba yake na kuruka kesho yake. Kila badiliko huhitaji hati inayothibitisha kwamba limejaribiwa kwa aina hiyo ya ndege, fundi mwenye leseni wa kulifanya, na kupimwa upya kwa uzito na mahali uzito huo unapolalia. Nchini Kenya msimamizi wa mambo haya ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2002. Miaka ya 2010 ilipoanza, magazeti yaliandika juu ya mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri aliyejiundia ndege kwa injini ya gari. Wengi walicheka. Sikuona sababu ya kucheka. Kule Oshkosh wanaofanya hivyo hupewa nishani. Tofauti ni kwamba wao wana chama, vitabu na wakaguzi wa kuwashika mkono, naye alikuwa na hamu yake tu.

Uboreshaji usioonekana maonyeshoni

Kuna mabadiliko mengine ambayo hayatamfanya mtazamaji yeyote apige makofi, lakini ndiyo yanayoihusu Tana River zaidi. Idara ya serikali inayochunguza rasilimali kutoka angani, iliyoanzishwa katika miaka ya 1970, huhesabu ng'ombe na wanyamapori kwa ndege ndogo zinazoruka takriban mita 120 juu ya ardhi. Kifaa chake kikuu ni fito mbili zilizofungwa kwenye nguzo ya bawa kila upande. Mhesabuji akitazama kati ya fito hizo huona ukanda wa ardhi wa upana unaojulikana, huhesabu kilichomo ndani yake tu, na hesabu ya eneo zima hukadiriwa kutokana na kanda hizo. Fito mbili, na ndege ya burudani imekuwa chombo cha utafiti.

Vivyo hivyo kwa nzige, waliovamia Kenya kuanzia mwishoni mwa Desemba 2019. Ndege za kunyunyiza dawa hufungwa vinyunyizio vyenye vipanga vidogo vinavyozungushwa na upepo wa mwendo wa ndege yenyewe, bila mota. Mzunguko huo huivunja dawa kuwa matone madogo sana, kiasi kwamba lita moja au hata chini yake hutosha hekta nzima. Na kwa wagonjwa: huduma ya madaktari waendao kwa ndege ilianzishwa Afrika Mashariki mwaka 1957, na badiliko lake la kwanza kwa ndege yoyote ni la kung'oa viti ili machela iingie.

Mafuriko ndiyo yanayolikamilisha suala hili. Mwaka 1961, baada ya ukame mkali, Tana ilifurika, na ndege za jeshi la Uingereza zilizokuwa Eastleigh zilitumika kupeleka chakula kwa watu waliozingirwa. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliharibu mradi wa mpunga wa uwanda huo. Mwaka 2018 barabara zilikatika, na mwishoni mwa 2023 zikakatika tena. Katika siku kama hizo helikopta husifiwa, na inastahili sifa, lakini saa moja ya helikopta ni ghali mno. Ndege ndogo yenye matairi manene, vikorogahewa na rubani anayejua hesabu ya mita 785 inaweza kuleta chanjo na kuondoka na mama mjamzito kwa gharama ndogo zaidi, mradi pawepo kiwanja kilichoinuka juu ya maji.

Ndege hiyo inapofika, rubani hupita kwanza chini chini juu ya kiwanja bila kutua. Hutazama kama pana madimbwi, na huwafukuza ng'ombe na mbuzi kwa mngurumo. Watoto hukimbia kutoka kila upande kushangilia. Hayo ndiyo maonyesho yao, na hakuna tikiti. Tatizo ni kwamba hapa hakuna kamba. Hakuna mtangazaji mwenye kipaza sauti wala mstari uliochorwa chokaa, na maandishi ya tahadhari yaliyo ubavuni mwa ndege ni ya Kiingereza kitupu. Mtu anayefahamu maana ya kupita huko chini anajua kwamba ndege itarudi baada ya dakika mbili hivi, kutoka upande ule upepo unakoelekea, na kwamba muda huo ni wa kuwatoa watoto na mifugo kiwanjani. Asiyefahamu hudhani ndege imeamua kwenda zake, na watu huanza kuvuka.

Kisha kuna rafadha. Ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida haionekani. Jicho hupita ndani yake kana kwamba ni hewa tupu. Ndiyo maana ncha zake hupakwa rangi nyeupe, nyekundu au manjano, ili zichore duara linaloonekana. Katika ndege nyingi ndogo, kama Cessna 206 na Caravan, rafadha iko mbele kabisa, hivyo njia salama ya kuifikia ni kutoka nyuma ya bawa, baada ya injini kuzimwa na rubani kutoa ishara. Hapa, kwa mara moja, neno "kuzimwa" liko mahali pake. Maelekezo haya yanatosha kuandikwa kwa Kiswahili kwenye kibao kimoja cha mbao, kwa herufi kubwa, na kusimikwa pembeni mwa kila kiwanja cha udongo kutoka Hola hadi Kipini: ndege ikipita chini, toeni watoto na mifugo, ikitua, ngojeni injini izimwe, mkiiendea, piteni nyuma ya bawa.